Mkono Uliodhani Nakundwa Bado Ana Miaka Tisa

Kilichoamka kwanza kilikuwa kidole gumba.

Kilitikisika juu ya meza ya fundi Mbazi, kikatulia, kikatikisika tena. Kisha vile vidole vinne vikakifuata kimoja kimoja, kama watoto wanaoitwa uji umeiva. Nakundwa alikuwa amekaa kwenye stuli, mkono wake wa bandia umelazwa mezani na nyaya zimechomekwa kiwikoni. Alikuwa hapumui. Nyuma yake alisimama mama yake, Nanzia, ameushika mkoba kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Usiuamrishe," Mbazi alisema. "Uache ukusalimie wenyewe."

Mkono ukageuka, kiganja juu. Vidole vikajikunja, vikajikunjua. Halafu kidole cha shahada kikaanza kugonga meza, taratibu kwanza, kisha kwa mbio, mdundo wa kitoto usio na kichwa wala miguu.

Nakundwa aliangua kicheko. "Mama, unausikia? Huo ndio mdundo wangu wa darasa la tatu. Mwalimu alikuwa ananitoa nje kwa ajili yake."

"Nausikia, mwanangu," Nanzia akasema.

Miezi yote ile tangu kampuni itume mfumo endeshi mpya kwenye viungo vyote vya bandia nchini, mkono ule ulikuwa umegeuka mgeni. Ulikuwa na nguvu kuliko zamani na wepesi kuliko zamani, lakini haukumjua Nakundwa. Programu iliyokuwa inamjua iliitwa Shika. Alianza nayo akiwa na miaka mitano, mara tu baada ya mashine ya kukoboa mahindi kuuchukua mkono wake wa kuume. Shika ilijifunza naye kushika penseli, ikajifunza naye kusuka nywele, ikajua anapotaka kitu kabla hajakigusa. Mfumo mpya ulipoingia, Shika ikagoma. Vikombe vikaanza kuvunjika nyumbani mpaka shangazi yake akasema chai sasa inywewe kwenye vibuyu. Na mwezi ujao Nakundwa, mwenye miaka kumi na tisa, alitakiwa aripoti chuo cha uchomeleaji Tanga. Nani atampa mtu gesi na moto akiwa na mkono unaovunja vikombe?

"Sasa umeirudishaje?" Nanzia akauliza.

Mbazi alipenda sana kuulizwa. Alisukuma kiti nyuma, akafuta mikono kwenye suruali.

"Sikiliza, mama Nakundwa. Programu ya zamani haiwezi kuishi kwenye mfumo mpya. Inatafuta vitu ambavyo havipo tena. Inabisha hodi kwenye mlango uliokwisha kuzibwa. Kwa hiyo nimeijengea chumba ndani ya nyumba ya watu. Humo chumbani nimeiwekea kila kitu ilichozoea kwao, vile vile, mahali pake pale pale. Ikiomba umeme, chumba kinalipokea ombi, kinaligeuza lugha, kinalipeleka kwa mfumo mpya. Jibu likija, kinaligeuza tena. Yenyewe haijui kama imehama. Sisi tunaita mashine pepe. Ni kompyuta isiyo na chuma, imekaa ndani ya kompyuta yenye chuma."

"Kwa hiyo mnaidanganya."

"Tunaituliza."

"Fundi, mimi nimelea. Kumtuliza mtoto nakujua, na kumdanganya nakujua."

Mbazi akacheka mpaka nyaya zikatikisika. "Haya, tunaidanganya. Hata saa nimeirudisha nyuma. Kibali cha kutumia nakala hii kiliisha zamani, ikijua leo ni lini haiamki. Humo ndani bado ni mwaka ule nakala ilipohifadhiwa."

Nakundwa hakuwa anasikiliza tena. Alichomoa nyaya, akatoka mbio uani. Dirishani walimwona anarusha chungwa juu, analidaka kwa mkono wa bandia, analirusha tena bila kulitazama, huku watu waliokuja kutengenezewa redio wakimpigia makofi. Kisha akaazima kisu na kulimenya lile chungwa, ganda likateremka refu, halikatiki.

Hapo ndipo Mbazi alipoichukua mezani simu ya zamani ya Nanzia, ile yenye kioo kilichopasuka, ambayo ndani yake walikuta nakala pekee ya Shika iliyobaki duniani. Alimrudishia, na sauti akaishusha.

"Kuna jambo moja. Humo ndani ni mwaka ule, na mwaka ule binti yako alikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo ruhusa ya mzazi nayo imefufuka. Unaikumbuka?"

Nanzia aliikumbuka. Angeisahauje? Zamani aliweza kukaa jikoni akaona kwenye simu mtoto ameshika nini shuleni, na akikaribia moto, akabonyeza, mkono ukakataa.

"Ipo tena kwenye simu hiyo," Mbazi akasema. "Mwambie. Mkono ni wake, yeye ndiye wa kuamua kama iwepo au isiwepo. Ningemwambia mwenyewe, ila mwone alivyo, hata kiti kimemshinda."

"Nitamwambia," Nanzia akasema.

Na alimaanisha. Mama mwenzangu unayesoma, alimaanisha kabisa.

*

Walipofika nyumbani Usangi, nyumba ilikuwa imejaa. Nakundwa alimsuka jirani mmoja mistari myembamba kama uzi, akamtoa mwingine mwiba kidoleni, akacheza bao na shangazi yake Sifuni huku anazipanga kete kwa kidole kidogo cha mwisho, makusudi, kumringishia.

"Wifi," Sifuni akamwambia Nanzia, "huyu fundi wenu hana dawa ya goti? Aniingizie goti langu la zamani ndani ya hili jipya. Lile lilikuwa linajua kucheza ngoma."

"Goti lako la zamani ndilo hilo hilo, shangazi," Nakundwa akasema. "Limechoka kukubeba."

"Mwangalie. Mkono umepona, ulimi umezidi kuumwa."

Nanzia alicheka nao, lakini alikuwa ameinamia mapajani. Simu ilikuwa imewaka. Kwenye kioo palitokea picha ya kiganja cha kijani, na chini yake maneno aliyokuwa hajayaona kwa miaka kumi: *Mtoto wako anacheza. Joto la kawaida. Hakuna hatari.*

Kitu kama maji ya uvuguvugu kilimshuka kifuani. Alikuwa hajui kama alikuwa na kiu hiyo.

Alisema kesho atamwambia. Kesho ikafika, na Nakundwa akaenda kwa jirani mwenye karakana ya mageti kujaribu kuchomelea. Nanzia akaona jikoni kwake kiganja cha kijani kinageuka cha njano. *Joto linapanda.* Akaona mashine ya kukoboa, akaiona damu, akabonyeza. Hakufikiri. Kidole kilienda chenyewe.

Binti alirudi ameduwaa. "Umenigomea, mama. Nimeshika bomba la mwali wa gesi, vidole vikafunguka tu vyenyewe, kama mtu ameniambia achia."

"Pengine haujazoea."

"Wewe unaonaje, nirudi kwa fundi?"

"Upe muda. Umelala miezi yote hiyo."

Nakundwa akaukunja mkono, akaupapasa kama mtu anayempapasa mnyama mgonjwa. "Pole," akauambia. "Pole. Tutazoea wote."

Hapo Nanzia angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimtazama yule mtoto, akafikiria Tanga, akafikiria mitungi ya gesi na mabweni na watu asiowajua, na simu ile mfukoni ikawa nzito tamu kama pochi iliyojaa. Mbazi alipopiga kuuliza, "Umeshamwambia?" alijibu, "Ngoja kwanza msaragambo upite."

*

Pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ililia kukiwa kumepambazuka, ikajibiwa na pembe nyingine ng'ambo ya bonde. Mlima mzima ukashuka na majembe na makarai. Hata vijana waliofanya kazi zao kwenye vioo vya kompyuta, ambao mwaka mzima hawakushika udongo, walikuja wamevua viatu. Msaragambo hauna mbadala. Ikilia pembe, unatoka, na asiyetoka anaimbwa kwa kejeli.

Kazi ilikuwa ndiva, lile bwawa la mababu la kukingia maji ya mifereji. Walikuwa wamelitengeneza upya tangu masika, wakajenga kuta zake kwa mawe, na sasa limejaa hadi shingoni. Mashine zingeweza kulifungua, lakini wanakijiji walikataa. Ndiva hufunguliwa kwa mkono wa mtu. Mtu mmoja huteremka kwenye ngazi za mawe mpaka maji ya kiunoni, huinama, hukamata pete ya kizibo kule chini, hukizungusha mpaka kilegee, kisha *huachia papo hapo*, maana maji yanakivuta kuelekea shimoni. Walio ukutani ndio hukivuta nje kwa kamba.

Sifuni alikuwa mwenyekiti wa ndiva. Alisimama ukutani na goti lake, akapaza sauti. "Mwaka huu anazibua Nakundwa wa kaka yangu. Mkono wake mnaujua. Kizibo hiki kimekaa muda mrefu, kinataka chuma."

Watu wakapiga vigelegele. Nakundwa alitembea katikati yao akiwa amefunga kanga kiunoni, anang'aa, hajui autazame uso wa nani kwanza.

Nanzia alibaki nyuma, chini ya kibanda cha wapishi. Alikuwa ameishika simu ndani ya kanga. Kulikuwa na kinga moja ambayo zamani aliipenda kuliko zote, *Kinga ya Maji*. Mtoto akitumbukia, mkono ukizama kupita kiwiko, vidole hukamata kilicho karibu na haviachii mpaka mzazi atoe ruhusa. Walipokuwa wanafua mtoni alikuwa anaiwasha. Sasa akatazama lile bwawa, akafikiria ngazi zenye utelezi. Akiteleza je? Angalau mkono utamshika.

Akaiwasha.

Nakundwa aliteremka. Maji yakampanda magotini, kiunoni. Akainama, bega la kulia likazama, shavu likagusa maji. Watu wakanyamaza. Ukutani vijana wakaikamata kamba.

"Nimeipata," akasema. Akauma meno. Shingo ikamkakamaa. Kule chini kitu kizito kiliguna, na maji yakaanza kuzunguka, uso wote wa ndiva ukajikunja kuelekea mahali pamoja.

"Kimelegea," Sifuni akapiga kelele. "Achia, mwanangu. Achia sasa."

Nakundwa hakuachia.

Alivutwa chini kwa mkupuo mmoja mpaka maji yakampiga kidevuni. Kizibo kilikuwa kimelala ubavu, kimekwama kwenye mdomo wa shimo, na mkono wake umekwenda nacho. Vijana wakaivuta kamba. Akapiga ukelele uliomfanya kila mtu aiachie, maana mkono ule haukuvaliwa kama glavu. Ulifungwa kwenye mfupa. Kuuvuta ni kulivuta bega.

"Haufunguki," alikuwa anasema, anameza maji, anatema. "Nauambia fungua, haufunguki. Mama. Haufunguki."

Wawili walikuwa wamekwisha kuruka majini, mmoja anamwinua kichwa, mwingine anapiga mbizi kutafuta vidole. Alitoka juu akitikisa kichwa. "Vimekaza kama koleo."

Mifereji ya juu iliendelea kumwaga maji bwawani. Kidevu, mdomo, kidevu, mdomo.

Nanzia alikimbia. Aliwapita wapishi, akalipindua karai la maharage, akafika ukingoni akiwa na simu mkononi mbele ya mlima mzima. Kiganja kwenye kioo kilikuwa chekundu. *Mtoto wako yuko majini. Nimemshika. Usiwe na wasiwasi.*

Akabonyeza. Kioo kikauliza: *Thibitisha kwa sauti. Wewe ni nani?*

Aliona Sifuni anamtazama. Aliona jirani wa karakana anamtazama. Aliona macho ya Nakundwa, juu tu ya maji, yamehama kutoka usoni kwake hadi kwenye simu, yakatulia hapo, na yakaelewa. Kama angekuwa na njia ya kunong'ona, angenong'ona. Lakini maji yalikuwa yananguruma, na programu ya zamani haikusikia minong'ono.

"Mimi ni mama yake," akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Mimi ndiye niliyeufunga. Ufungue."

Vidole vikafunguka.

Nakundwa akachomoka kama samaki aliyekatikiwa na uzi, na wale wawili wakamtupa ngazini. Vijana wakaivuta kamba, kizibo kikaruka, na ndiva yote ikaingia mferejini kwa mngurumo uliotikisa mawe. Kule chini, kwenye mashamba, ambako hakuna aliyekuwa ameona lolote, watu walilipuka kwa vigelegele na pembe zikalia.

*

"Tangu lini?" Nakundwa akauliza.

Walikuwa wamekaa ukutani, amefunikwa kanga tatu za watu watatu. Sifuni alikuwa amewafukuza wengine kwa kazi, naye akabaki amewapa mgongo, anasikiliza wazi wazi.

"Tangu kwa fundi."

"Na siku ile ya mwali?"

Nanzia akaitikia kwa kichwa.

"Nikauambia mkono pole," Nakundwa akasema. "Ulikuwa jikoni, unanisikia nauambia mkono pole."

"Niliogopa, mwanangu."

"Najua. Wewe huogopa. Hilo silo nililouliza." Akanyoosha mkono wa kushoto, wa nyama. "Nipe simu."

Nanzia akampa. Nakundwa akampigia Mbazi palepale, sauti wazi, wote wasikie. Alimweleza kwa maneno machache.

"Naweza kuitoa hiyo ruhusa?" Nakundwa akauliza.

"Sio kama unavyotoa betri. Imefumwa mle mle na jinsi inavyokujua. Njia ni moja: kuiambia ukweli. Uisogeze saa ya mle ndani hadi leo. Ikiona umekua, itaiachia ruhusa yenyewe. Lakini dada, ikijua leo ni lini, itajua pia kibali kimeisha. Pengine itaamka, pengine haitaamka. Na nakala ni hiyo moja. Ukitaka tusubiri, nitafute njia nyingine, mwaka, miaka miwili..."

"Huku mama ameshika ufunguo."

"Au wewe ukiushika. Ila itamtii mzazi tu. Ndivyo ilivyolelewa."

Nakundwa aliutazama mkono. Ulikuwa umelala mapajani pake, unagonga paja kwa kidole cha shahada, taratibu, ule mdundo wa darasa la tatu. Nanzia alimwona anausikiliza. Alitaka kusema subiri, mwanangu, usiupoteze kwa hasira, mimi nitaitupa simu mtoni. Na lilikuwa neno zuri, neno la mama, lakini alilionja mdomoni akatambua ladha yake: ilikuwa ile ile ya kesho nitamwambia.

Nakundwa akaisogeza saa. Kidole kikaacha kugonga. Kwenye kioo kilichopasuka yakatokea maandishi, na akayasoma bila sauti, kisha akamgeuzia mama yake simu.

*Muda mrefu umepita. Mzazi athibitishe kwa sauti: mtoto amekua?*

"Mimi hainisikilizi," Nakundwa akasema. "Inakutaka wewe."

Maji yalikuwa yanapungua bwawani, kuta zinaonekana zimelowa nyeusi. Nanzia alijikohoza. Ilikuwa sentensi ndogo, sentensi ambayo mama wa kila binti huisema sokoni kwa majivuno.

"Amekua," akasema.

Kioo kikazimika. Kiganja cha kijani hakikurudi, wala cha njano, wala chekundu. Nakundwa akaitia simu kifuani mwake, akasimama, mkono wa bandia unaning'inia ubavuni kama mkono wa mtu aliyelala.

"Umeamka?" Nanzia akauliza.

"Nikitaka nitakuambia."

Akateremka njia ya mferejini, kuelekea kwenye pembe na watu. Nanzia akanyanyuka nusu, na Sifuni, bila kugeuka, akamkamata pindo la kanga.

"Kaa, wifi."

"Hajui kama—"

"Kaa."

Akakaa. Mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi. Alitazama njia mpaka binti akapotea nyuma ya migomba, na alibaki, kama mama mwingine yeyote, bila chochote cha kutazama isipokuwa migomba. Vumbi likatulia. Pembe zikanyamaza. Kule chini wakaanza kumpokea, sauti zikapanda, mtu akafanya mzaha ambao haukusikika vizuri, wakacheka.

Kisha kijana mmoja akalalama juu ya wote, kwa uchungu na kicheko pamoja:

"Nakundwa, nimesema nipe huo mkono wa chuma, sikusema univunje vidole."